Plastiki ya Singidani haina pa kukimbilia

Mwaka 2018, mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walikamilisha Flipflopi, chombo cha tanga kilichoundwa kwa tani zipatazo 10 za plastiki iliyookotwa, kikavishwa vipande vya ndala kama 30,000. Mapema mwaka uliofuata kikatweka tanga hadi Unguja, kikipita bandari kwa bandari. Watu walikuja kukitazama na kukipapasa. Taka waliyoizoea miguuni sasa ilikuwa inaelea na kubeba watu.

Wasanii wa dijitali wanautafuta mguso huo kwa njia nyingine. Unavaa miwani ya uhalisia pepe, au unaingia chumba ambacho picha zimetanda ukutani, darini na sakafuni, na ghafla uko chini ya maji. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kiliunda safari ya aina hiyo kuhusu bahari inavyozidi kuwa na asidi. Utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha kuwa waliozunguka zaidi humo ndani ndio walioongeza maarifa zaidi. Matokeo hayo yananipa imani na sanaa hii, kwa sababu mtu hujifunza vizuri anapogeuza shingo mwenyewe.

Lakini mvalishe miwani hiyo mwanafunzi wa Singida, umwonyeshe kasa wa Mafia amenaswa na wavu. Atahuzunika, atawaonea huruma watu wa pwani, kisha atarudi darasani. Bahari iko mamia ya kilomita kutoka kwake.

Kumbe ufuko anao hapo hapo mjini. Ziwa Singidani na mwenzake Kindai ni maziwa ya chumvi yasiyo na mto unaotoka. Maji yanaingia na mvua, yanaondoka na jua, na kila kisichoweza kuwa mvuke kinabaki. Plastiki ya Dar es Salaam huchukuliwa na mkondo, ikawa shida ya mwingine. Ya Singidani haina pa kukimbilia. Chupa iliyopigwa na jua muda mrefu hukakamaa. Ibonyeze, inapasuka vipande, na vipande vinazaa chembe. Kwenye maji hayo hutua heroe, ndege anayekula kwa kuchuja maji mdomoni. Chembe iliyo sawa na chakula chake inapita.

Hapo ndipo ningependa msanii aweke kamera yake ya nyuzi 360, kwenye kina cha goti, kimo cha mdomo wa heroe. Picha hizo zirushwe usiku kwa projekta kwenye yale majabali yanayouzunguka mji. Majirani zetu wa Kondoa wana michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, kwa hiyo jiwe kubeba picha si jambo geni huku kwetu.

Upande wa kusini wa mkoa nao una habari yake. Mto Kizigo wa Manyoni unaelekea Ruaha Mkuu, Ruaha inaingia Rufiji, na Rufiji inamwaga maji yake Bahari ya Hindi. Mkoa mmoja, basi, una taka inayobaki na taka yenye njia ya kusafiri, ingawa mabwawa yanaikinga njiani.

Na kazi hiyo ya msanii isimkwepe mama muuza mafuta ya alizeti. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na tofauti tuliiona, lakini chupa na madumu yamebaki kuwa kipimo cha biashara. Basi linasimama, abiria ananyoosha mkono dirishani, anapokea lita moja ya mafuta kwenye chupa iliyowahi kuwa na maji. Chupa hiyo inafanya kazi mara ya pili, jambo ambalo kampeni nyingi za mazingira hulipita bila kulitaja. Msanii amsogezee mama huyo maikrofoni, amuulize mafuta atayapimia nini chupa zikiondolewa, na jibu lake lisikike humo ndani ya miwani, refu kama atakavyolitoa.