Kikulacho ki Nguoni Mwako: Kuvu Sugu ya Hospitalini na Suala la Jina

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mgonjwa hulazwa hospitalini ili atibiwe, kisha akapata mumo humo wodini maradhi ambayo hakuja nayo. Haya ndiyo maambukizi ya hospitalini, na kwa kawaida huhesabiwa hivyo yanapojitokeza baada ya saa 48 tangu mgonjwa alazwe. Makala haya yanafafanua mojawapo, yaletwayo na kuvu iitwayo Candida auris, na kuonyesha kwamba tiba yake huanza kwa jambo analolijua vyema msomi wa lugha: kukiita kitu kwa jina lake.

Kuvu hii ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2009 nchini Japani, baada ya kupatikana katika sikio la mgonjwa. Kwa Kilatini, auris ni sikio. Hata hivyo, hatari yake kubwa haimo sikioni bali katika damu, hasa ya mgonjwa mahututi aliyetiwa mipira mshipani au aliyetumia viuavijasumu kwa muda mrefu. Uchunguzi wa kumbukumbu za hospitali moja jijini Nairobi, za kati ya 2010 na 2016, ulibaini kwamba ndiyo iliyoongoza miongoni mwa kuvu za jamii ya Candida zilizopatikana katika damu. Mwaka wa 2022, Shirika la Afya Duniani liliiorodhesha katika kundi la kuvu hatari zaidi.

Ugumu wa kwanza ni utambuzi. Baadhi ya vipimo vya kawaida vya maabara huichanganya na jamaa zake, kama vile Candida haemulonii. Jina likikosewa, daktari huenda akaagiza flukonazoli, dawa ambayo aghalabu haiiwezi kuvu hii. Ndipo zikahitajika mashine zinazochunguza protini za kiumbe, au uchunguzi wa vinasaba. Jina likishathibitika, daktari huanza dawa za kundi la ekinokandini, huuondoa mpira wa mshipani iwezekanapo, na huirudia kuipima damu hadi iwe safi. Usugu nao hupimwa, kwa kuwa zipo kuvu za aina hii zilizokwisha kuzishinda hata dawa hizo.

Ugumu wa pili ni kuenea. Kuvu hii hukaa kwenye ngozi bila dalili yoyote, na juu ya vitanda na vifaa kwa majuma kadhaa. Kwa hiyo mgonjwa hutengwa, wahudumu huvaa glavu na kanzu na kutakasa mikono kwa spiriti, na chumba husafishwa kwa dawa ya klorini, maana baadhi ya dawa za kawaida za kusafishia hazifui dafu.

Hapa ndipo mwanaisimu anapohusika. Jamaa aliyekuja kumjulia hali mgonjwa akitajiwa jina la Kilatini, hataelewa ni kwa nini akatazwe kuketi kitandani. Akiambiwa ni fangasi, atafikiria muwasho wa vidole vya miguu, naye atapuuza. Tunapendekeza iitwe kuvu sugu ya hospitalini. Jina hili ni refu, lakini linataja kiumbe, tabia yake na makao yake. Ni jukumu letu, sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, kukaa pamoja na wauguzi na kuliboresha, ili onyo linalotolewa wodini lieleweke na kila anayelisikia.