Mdororo wa Uchumi wa Uchina na Kodi ya Nyumba katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba ukiona mwenzako ananyolewa, nawe tia chako maji. Katika biashara ya mataifa, anayenyolewa huwa mbali na maji hayaonekani upesi. Makala haya yanaeleza jinsi kupungua kwa kasi ya uchumi wa Uchina kunavyogusa madini yanayouzwa nje na soko la nyumba, hususan katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi iitwayo Eastlands. Hoja kuu ni kwamba mdororo huo haufiki Eastlands kwa njia ya mgodi. Hufika kwa milango mingine, na anayeumia zaidi ni mpangaji.

Istilahi mbili zahitaji kufafanuliwa. Mdororo hapa ni kupungua kwa kasi ya ukuaji, wala si lazima uchumi usinyae. Uchumi wa Uchina ulikua kwa takribani asilimia 10.6 mwaka 2010, na kwa asilimia 6.9 mwaka 2015. Ulikuwa bado unakua, lakini migodi ya dunia ilikuwa imepanuliwa kwa matarajio ya kasi ya awali. Pili, neno kodi nchini Kenya hubeba maana mbili: malipo ya serikali na malipo ya mwenye nyumba. Humu kodi ni ya nyumba. Malipo ya serikali yataitwa ushuru.

Nyumba za Uchina na madini ya Afrika

Uhusiano kati ya nyumba na madini ni wa karibu kuliko unavyodhaniwa. Mchanga wa Kwale, uliochimbwa na kampuni ya Base Titanium na kuanza kusafirishwa Februari 2014, ulitoa ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Ilmenaiti na rutaili hutengenezewa unga mweupe unaotiwa katika rangi za kuta. Zirkoni hutumika katika vigae. Shaba nayo huwa nyaya za umeme. Kwa hiyo Mchina anapoahirisha kununua nyumba, mjenzi huahirisha kuagiza rangi, vigae na nyaya, na bei ya madini hushuka bandarini maelfu ya kilomita kutoka hapo.

Mfano dhahiri ni wa shaba. Mwaka 2011 tani moja ilifikia takribani dola 10,000. Mapema mwaka 2016 ilikuwa chini ya dola 5,000. Septemba 2015 kampuni ya Glencore ilitangaza kusimamisha kwa miezi 18 uzalishaji wa shaba katika mgodi wake wa Kolwezi, nchini Kongo, mji ambao Kiswahili ni lugha ya mtaani. Katika mji unaoishi kwa mgodi, mshahara wa mchimbaji ndio unaolipa duka, shule na kodi. Ukikatika, vyumba hubaki vitupu na mwenye nyumba hulazimika kupunguza bei. Hapo madini na nyumba huanguka pamoja.

Tofauti ya Eastlands

Eastlands haikujengwa juu ya mgodi. Makongeni ilikuwa makazi ya wafanyakazi wa reli. Kaloleni ilijengwa na wakoloni kwa ajili ya Waafrika wa mjini. Buruburu ilianza kujengwa miaka ya 1970, wakati Dandora ilipopangwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Baadaye wawekezaji binafsi walipandisha maghorofa ya vyumba vya kupanga Kayole, Tassia na Pipeline. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 988,808 katika kaunti ndogo ya Embakasi pekee.

Uchimbaji madini nao umekuwa takribani asilimia 1 tu ya pato la Kenya. Mgodi wa Kwale ulipofungwa Desemba 2024, sababu ilikuwa kuisha kwa madini. Tukio hilo liliwagusa wafanyakazi na wafanyabiashara wa Kwale. Mpangaji wa Kayole hakuwa na sababu ya kulihisi. Je, basi mdororo wa Uchina humfikiaje?

Milango mitatu

Mlango wa kwanza ni vifaa vya ujenzi. Viwanda vya Uchina vikikosa wanunuzi nyumbani, huuza ziada yao nje. Mwaka 2015 Uchina iliuza nje zaidi ya tani milioni 100 za chuma cha pua na cha kawaida. Bei ilishuka, mjenzi wa ghorofa akapata nafuu, huku viwanda vya chuma vya Afrika Mashariki vikilalamikia ushindani huo.

Mlango wa pili ni shilingi na riba. Wawekezaji wanapoogopa, hukimbilia dola. Shilingi, iliyoanza mwaka 2015 ikiwa takribani 91 kwa dola, ilifika karibu 106 mwezi Septemba. Uchina haikuwa sababu pekee: utalii ulikuwa umezorota na dola ilikuwa imepata nguvu kote duniani. Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake ya msingi kutoka asilimia 8.5 hadi 11.5 kati ya Juni na Julai. Mjenzi aliyeokoa fedha kwenye chuma akazirudisha benki.

Mlango wa tatu ni kipato. Mkazi wa Umoja au Pipeline hulipa kodi kutokana na kibarua cha Industrial Area, duka la Gikomba au kazi ya mjengo. Shilingi ikidhoofika, mafuta na bidhaa za nje hupanda bei, naye mshahara wake haupandi. Mkopo ukiwa ghali, ujenzi hupungua na kibarua hukosa kazi.

Mizani isiyo sawa

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Nafuu ya chuma humfikia mwenye ploti, na hakuna kinachomlazimisha kuigawa. Gharama ya riba pia humfikia yeye, lakini hiyo huweza kumhamishia mpangaji. Kodi basi hupanda kwa urahisi na hushuka kwa shida. Mikopo ya nyumba iliyokuwapo nchini mwaka 2015 haikufika 30,000, kwa hiyo wakazi wengi hawakuwa na nyumba ya kushuka thamani. Walikuwa na chumba cha kulipia kila mwezi. Mpangaji akishindwa, huhamia chumba kidogo zaidi au mtaa wa mbali zaidi, na mwingine huingia mahali pake. Takwimu za kodi huonyesha utulivu, hazionyeshi aliyehama.

Hitimisho

Uchina iliyumba tena katika nyumba: kampuni ya Evergrande ilishindwa kulipa madeni yake mwaka 2021, na Januari 2024 mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe. Anayetaka kupima athari za misukosuko ya namna hiyo jijini Nairobi asiishie kwenye bei ya madini. Atazame thamani ya shilingi, riba ya mikopo na siku za kazi alizopata kibarua mwezi huo. Kolwezi, mgodi hunyamaza na mji mzima ukasikia. Eastlands, mtu hufunga virago mwisho wa mwezi, na jirani yake tu ndiye ajuaye.