Kupeleka Neno Mkutanoni Bila Kwenda Nairobi

Mkulima mwenye ng'ombe wa maziwa hawezi kuwaacha siku tatu ili aende mkutanoni Nairobi. Nauli ni ghali, na kulala katika hoteli za Kilimani ni ghali zaidi. Lakini mambo yanayokatwa huko humfikia shambani. Mwezi wa Mei 2024 wakuu wa Afrika walikutana katika jumba la KICC juu ya mbolea na afya ya udongo. Waliazimia kwamba ifikapo mwaka 2034 mbolea inayotengenezwa na kugawiwa katika nchi zao iwe mara tatu. Udongo waliouzungumzia ndio huu tunaoulima. Basi wakulima wa skimu wafanye nini ili neno lao lifike mkutano mwingine ukiitishwa?

1. Anzeni mapema. Mwulizeni Bwana Shamba siku ya mwisho ya kupokea maoni, na mahali pa kuyapeleka. Barua iliyochelewa ni sawa na barua isiyoandikwa.

2. Chagueni jambo moja au mawili. Kamati ya ushirika ikileta malalamiko kumi, hata lile kubwa litapotea katikati.

3. Andikeni hesabu. Kusema "mbolea ni ghali" hakutoshi. Semeni mfuko wa kilo 50 mliununua shilingi ngapi, ulifika mwezi gani, mahindi yalikuwa yamepandwa lini, na eka moja ilitoa magunia mangapi. Mwishowe semeni wazi mnaomba nini.

4. Msiogope lugha. Hata ombi linalopelekwa Bunge, kwa sheria ya mwaka 2012, laweza kuandikwa kwa mkono na kwa Kiswahili. Mkutano ukitaka Kiingereza, mwalimu awatafsirie, kisha awasomee tena alichoandika.

5. Mjumbe apewe karatasi. Akienda na maneno ya kichwani tu, atasema yake. Kama hakuna mjumbe, pelekeni kwa posta au barua pepe. Mkutano ukiruhusu watu kusema kwa intaneti, kijana mwenye simu nzuri akae na wazee, nao waseme wenyewe.

6. Wekeni nakala. Mkutano ukiisha, someni maazimio na kuyalinganisha na barua yenu. Mjumbe naye aulizwe: ulisema lini, na ulijibiwa nini?

Barua si amri, na pengine maombi yenu hayatakubaliwa. Lakini nakala ikiwa katika faili la ushirika, mwaka ujao hamtaanza upya. Mtauliza jibu la barua ya kwanza.