Betri ya baiskeli ya umeme ikigoma kuchaji, usiilazimishe ndani ya nyumba

Ni saa tatu usiku. Baba amerudi kutoka kusambaza mizigo, amechomoa betri ya baiskeli yake ya umeme na kuiweka kwenye kona ya sebule, hatua mbili kutoka kwenye godoro la watoto. Anachomeka chaja. Taa inawaka kijani papo hapo, kana kwamba betri imejaa, wakati njiani iliisha chaji akaisukuma baiskeli hadi nyumbani. Anachomoa, anachomeka tena. Kijani.

Kesho kuna wateja wanaomsubiri, na betri mpya ni fedha nyingi. Ndiyo maana wengi hapo huazima chaja ya jirani au humwita kijana wa mtaani “aishtue”. Yote mawili ni hatari, hasa kwa familia inayolala na betri hiyo chumba kimoja.

Mara nyingine tatizo haliko kwenye betri kabisa. Jaribu soketi kwa taa au chaja ya simu. Plagi za pini tatu zina fyuzi ndogo ndani, nayo ikikatika chaja nzima huonekana imekufa. Angalia pia tundu la kuchajia: vumbi, kutu au pini iliyopinda huzuia umeme kupita. Chomoa chaja, zima betri, kisha futa kwa kitambaa kikavu, si kwa maji.

Kama betri imetoka kwenye jua kali au mlima mrefu, iache kivulini ipoe. Betri nyingi za lithiamu zina ulinzi unaokataa chaji joto likizidi takriban nyuzi 45 za Selsiasi. Hiyo si kuharibika.

Kisha soma maandishi ya nyuma ya chaja. Betri ya lithiamu inayouzwa kama ya volti 36 kwa kawaida huchajiwa kwa volti 42, na ya volti 48 kwa volti 54.6. Chaja ya jirani inaweza kuwa na plagi inayoingia vizuri kabisa, lakini ikawa ya volti nyingine, au ya betri za risasi. Plagi kuingia si ruhusa ya kuchaji. Fundi mwenye multimita atapima chaja kwa dakika chache, ingawa baadhi ya chaja hazitoi umeme mpaka ziunganishwe na betri, hivyo sifuri pekee haitoshi kuihukumu.

Vyote vikiwa salama, tatizo liko ndani. Betri ya volti 36 huwa na makundi 10 ya seli yaliyounganishwa kwa mfuatano, pamoja na bodi ndogo ya ulinzi. Betri ikikaa stoo miezi kadhaa bila chaji, seli hushuka kupita kiasi na bodi hukata njia ya umeme. Inakuwa inafanya kazi yake. Seli iliyoshuka sana huanza kuyeyusha shaba iliyomo ndani yake. Ukipitisha umeme kwa nguvu, shaba hiyo hujijenga mahali pasipostahili, na seli inaweza kupiga shoti yenyewe, pengine siku nyingi baada ya “kupona”.

Jijini New York, ambako wasambazaji wengi wa vyakula hutumia baiskeli hizi na kuzichajia nyumbani, kikosi cha zimamoto kilihesabu moto 268 uliotokana na betri za lithiamu mwaka 2023, na watu 18 walifariki. Moto huo hukua haraka mno, na moshi wake unaweza kuwa na gesi ya haidrojeni floridi, inayounguza njia ya hewa na mapafu.

Kwa hiyo betri iliyogoma isilale ndani. Itoe nje, mbali na mlango na vitu vinavyoshika moto, hadi ifike kwa fundi. Muulize kama atapima kila kundi la seli. Akisema ataishtua tu, ondoka na betri yako. Iliyovimba, iliyopasuka au yenye harufu ya kemikali haina matengenezo. Na hata betri nzima isichajiwe kwenye korido au mlangoni, kwa sababu ikilipuka ndiyo njia yenu ya kutokea.

Ikianza kutoa moshi au mlio wa kuchemka, usiibebe. Toa watu wote, funga mlango nyuma yenu na pigia Zimamoto, kwa Tanzania namba 114. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai na mafuta visiguse kidonda. Aliyevuta moshi apelekwe hospitali hata kama anasema hajisikii vibaya, mtoto kwanza, kwani madhara kwenye mapafu yanaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.