Simu Isiwe Bwana: Kuutambua na Kuushinda Uraibu wa Intaneti

Tumbaku ya mvuke haina subira. Katika kata ya Usinge, wilayani Kaliua, kama ilivyo kwingineko mkoani Tabora, majani yakishaingizwa banini, joto hupandishwa hatua kwa hatua kwa siku kadhaa, na moto sharti ulindwe usiku na mchana. Ukififia, majani huharibika. Ukizidi, huungua, na pengine bani lote huteketea.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa kijana aliyekabidhiwa bani na baba yake. Saa tatu usiku anafungua simu ili aufukuze usingizi. Anatazama video moja fupi, kisha nyingine. Anapoinua macho ni saa nane, na tanuri limebaki majivu. Hakulala wala hakulewa, lakini jasho la msimu mzima limeshuka daraja kabla ya kufika sokoni kwenye chama cha msingi.

Makala hii inaeleza jambo lililompata kijana huyo, ambalo leo laweza kumpata mwanafunzi, mama wa nyumbani, dereva wa bodaboda au mtumishi wa ofisini. Hatusemi kwamba intaneti ni adui. Kwa simu hiyo hiyo mkulima hupokea malipo yake, mzazi hutazama matokeo ya mtihani wa mwanawe, na ndugu walio Kigoma na Dar es Salaam hujuliana hali. Tunachokitaka ni mtumiaji abaki kuwa mwenye simu, simu isimgeuze kuwa mali yake.

Uraibu wa intaneti ni nini?

Mtu huweza kutumia intaneti kwa saa nyingi kwa sababu ya kazi au masomo bila ya kuwa mraibu. Kipimo si wingi wa saa pekee. Uraibu huanza pale mtu anapotaka kuacha akashindwa, na matumizi yanapoharibu usingizi, kazi, fedha au uhusiano wake na watu.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Kimberly Young, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulichunguza jambo hili katika miaka ya 1990. Shirika la Afya Duniani nalo, katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, limeutambua uraibu wa michezo ya video kuwa ugonjwa. Dalili zake kuu ni tatu: kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya shughuli nyingine za maisha, na kuendelea nao ijapokuwa madhara yanaonekana. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu kwa miezi 12 au zaidi. Uraibu wa intaneti kwa ujumla wake haumo katika orodha hiyo kwa jina lake, na wataalamu wangali wakijadiliana juu yake. Hata hivyo, dalili hizo tatu zinamfaa kila mtu anayetaka kujipima.

Kwa nini ni vigumu kuacha?

Wengi hujilaumu kwamba ni wavivu au wadhaifu. Ukweli ni kwamba programu nyingi zimebuniwa ili usiondoke. Kampuni huziuza nafasi za matangazo. Kadiri unavyokaa zaidi ndivyo zinavyopata zaidi.

Mbinu ya kwanza ni zawadi isiyotabirika. Katika karne iliyopita, B. F. Skinner wa Marekani alionyesha kwamba mnyama anayepata chakula bila mpangilio anaoweza kuubashiri huendelea kubonyeza kitufe kwa muda mrefu, hata chakula kikikoma. Ndivyo tunavyotelezesha kidole: video tano hazina maana, ya sita inachekesha, nasi tunaitafuta nyingine kama hiyo.

Mbinu ya pili ni kuondoa mwisho. Gazeti lina ukurasa wa mwisho. Mtandao wa kijamii hauna. Mwaka 2006 mbunifu Aza Raskin alibuni ukurasa unaojiongeza wenyewe kila unaposhuka, na baadaye alieleza hadharani kwamba anajutia matokeo yake. Mbinu ya tatu ni arifa, yaani ule mlio unaokuita hata ulipokuwa umekwisha kuiweka simu kando.

Dalili za kujipima

Jiulize maswali haya, ukijijibu kwa ukweli:

- Je, simu ndiyo kitu cha kwanza kukishika uamkapo na cha mwisho kabla ya kulala?
- Je, umejaribu kupunguza matumizi zaidi ya mara moja ukashindwa?
- Je, hukasirika au hukosa utulivu kifurushi kinapokwisha au mtandao unapokatika?
- Je, huwaficha watu wa nyumbani muda au fedha unazotumia?
- Je, umewahi kukopa, au kutumia fedha ya chakula au ya ada, ili ununue kifurushi au ubeti?
- Je, unaikimbilia simu kila unapopatwa na huzuni, upweke au hofu?

Ndiyo moja si hukumu. Zikiwa kadhaa, na kama hali hiyo imedumu kwa miezi, ni wakati wa kuchukua hatua.

Hasara ya mfukoni

Anayenunua kifurushi cha shilingi 1,000 kila siku hutumia shilingi 30,000 kwa siku 30, na shilingi 365,000 kwa mwaka. Kwa kuwa fedha hiyo hutoka kidogo kidogo, haionekani. Iandike kwa mwezi mmoja, kisha ukae na mwenzi wako mtazame ingeweza kulipia nini.

Hatari huzidi pale intaneti inapoambatana na kubeti au na mikopo ya haraka ya simuni. Kubeti hutumia ile ile zawadi isiyotabirika, tofauti ikiwa kwamba hapa unalipia kila jaribio. Michezo ya kubahatisha imekatazwa kwa walio chini ya miaka 18. Mzazi asimwachie mtoto laini wala namba ya siri ya akaunti yake ya fedha.

Ujue pia haki yako. Kanuni ndogo za vifurushi zilizoanza kutumika Aprili 2021 zinamtaka mtoa huduma akujulishe unapofikia asilimia 75 na asilimia 100 ya matumizi ya kifurushi, wala asikutoze nje ya kifurushi bila ridhaa yako. Ujumbe wa asilimia 75 uchukue kama kengele: simama, ujiulize ulichokifanya na kiasi kilichotumika.

Hatua za kujinasua

1. Pima kwanza. Simu nyingi za kisasa huonyesha, katika mipangilio, muda uliotumia kwa kila programu. Andika hesabu ya siku saba.
2. Zima arifa zote, isipokuwa za simu, ujumbe mfupi na fedha.
3. Ondoa programu moja inayokula muda mwingi kuliko zote. Usianze na zote kwa siku moja. Anayekata ghafla huenda akarudi kwa kishindo.
4. Weka saa na mahali pasipo na simu: wakati wa chakula, wakati wa ibada, na kitandani. Nunua saa ya kengele, ili simu ilale chumba kingine.
5. Jaza pengo. Muda ulioachwa mtupu huita simu irudi. Rudia mpira, kwaya, mizinga ya nyuki, au mazungumzo na wazee barazani.
6. Mwambie mtu mmoja unayemwamini akuulize kila wiki umefikia wapi.

Ukiteleza, usikate tamaa. Anza tena kesho, na uchunguze kilichokuangusha.

Kwa wazazi

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halishauri skrini kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili, na kwa mwenye miaka miwili hadi minne muda usizidi saa moja kwa siku. Mtoto huiga zaidi ya anavyosikia. Baba anayekula huku akitazama simu hawezi kumkataza mwanawe. Msimnyang'anye kijana simu kwa fimbo na matusi. Kaeni naye, mkubaliane masharti, nanyi myafuate.

Mahali pa kupata msaada

Ikiwa usingizi umepotea, kazi au shule imeachwa, au mtu anazungumzia kujidhuru, msingoje. Nendeni katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, mwombe rufaa. Hospitali ya Kitete iliyopo Tabora ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na Mirembe, Dodoma, ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Kwa jambo linalomhusu mtoto, pigeni 116 bila malipo.

Njia ya kale ya misafara kwenda Ujiji ilipita katika nchi hii ya magharibi. Wapagazi walibeba mizigo ya takriban kilo 30, waliondoka alfajiri, na jua lilipokuwa kali walitua mizigo wakapiga kambi. Walifika mbali kwa sababu walijua wakati wa kutua. Nasi tunakusihi, ndugu mtumiaji: leo usiku, chagua saa ya kuitua simu, na uitue.