Bati Nene Haliongezi Joto

Ifikapo Julai wateja wangu wa Uru, hasa wa huku juu mlimani, Shimbwe, huniuliza swali lilelile: "Fundi, tukiezua tukaweka bati la geji nene, baridi itapungua?" Nawaambia haitapungua. Wapo wanaodhani nakwepa kazi.

Wataalamu hupima hivi jinsi kitu kinavyopitisha joto: chukua kipande chenye eneo la mita moja ya mraba na unene wa mita moja, upande mmoja uuzidi mwingine joto kwa digrii moja, kisha uangalie wati ngapi zinapita. Kwenye chuma ni kama 50. Kwenye maji ni 0.6, na kwenye hewa iliyotulia ni 0.025 tu. Sasa bati la geji 28 halifiki hata nusu milimita. Joto linalipita kana kwamba halipo. Kinachozuia kidogo ni utando wa hewa ulioshikana na bati juu na chini, na upepo wa mlimani ukivuma, ule wa juu unapungua. Bati likiwa nene maradufu, utando ni uleule.

Wazee waliokaa kwenye msonge, ile nyumba ya duara, walilala pazuri zaidi, ukiacha moshi, ambao siutamani hata kidogo. Paa lilikuwa la nyasi au majani makavu ya migomba, likashuka karibu na ardhi. Nguvu yake ilikuwa hewa iliyokwama kati ya mabua. Ukipima nyasi na hewa kwa pamoja, kama kitu kimoja, unapata kama 0.07. Ezeko kavu la sentimita 30 huzuia joto takriban mara thelathini zaidi ya bati tupu, hata ukilihesabia bati na utando wake. Likilowa, maji hushika nafasi ya hewa na joto hupata njia. Ndiyo maana mwinuko mkali wa paa ulifaa: uliteremsha mvua upesi. Na umbo la duara lilisaidia: sakafu ya mita za mraba 16 ikiwa mraba ina mzingo wa mita 16, ikiwa duara ni kama 14. Ukuta mdogo, baridi ndogo. Ongeza moto wa katikati na ng'ombe waliolala humohumo. Mtu aliyetulia hutoa wati 100 hivi. Ng'ombe humzidi mara kadhaa.

Pesa ya kahawa ikaleta mabati, na nyumba za pembe nne.

Mama mmoja aliniita asubuhi kwamba paa linavuja, wakati usiku haikunyesha. Nikapanda. Misumari mizima, lakini chini ya bati matone yamejipanga mistari kufuata migongo yake. Ulikuwa mvuke wa pumzi na sufuria, umepanda ukakutana na bati baridi. "Kwa hiyo mama," nikamwambia, "bati liache. Tupige dari."

Juu ya dari tulimwaga pumba kavu za mpunga kutoka mashamba ya Chekereni, unene wa sentimita 10. Pumba nazo hukamata hewa. Tuliacha nafasi chini ya bati upepo upite, unyevu usikae. Nyaya za umeme zilipita ndani ya bomba, maana pumba zikishika moto huungua polepole bila kuonekana. Upande wa jiko la kuni sikuweka kabisa, ingawa alinisihi.