Ulimi, Picha na Simu ya Kiganjani: Kanuni za Staha katika Makundi Sogozi



Wapendwa wasomaji, anayekwenda Mafia kwa chombo kutoka Nyamisati huvuka bahari kwa saa kadhaa kabla ya kushuka Kilindoni, na huitazama hali ya upepo kabla ya kuanza safari. Picha iliyotumwa kwa simu haingoji upepo. Hutoka Dar es Salaam na kufika kisiwani kwa sekunde chache, ikiwa imeingia katika mikono ya baba, mama, binti na mtoto wa shule kwa pamoja. Kwa njia hiyo tunapokea ratiba ya misa, taarifa za wagonjwa, michango ya misiba na habari za bei ya samaki. Kwa njia hiyo hiyo hupita matusi, kufuru na picha za utupu.

Ndiyo maana swali hili linastahili jibu: jumuiya inayokutana mtandaoni iweke kipimo gani cha maneno na picha, na nani akisimamie?

Mama Kanisa anafundisha nini?

Kanisa halikuanza jana kutafakari jambo hili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya Inter Mirifica kuhusu vyombo vya mawasiliano ya jamii tarehe 4 Desemba 1963, miaka mingi kabla ya intaneti kufika kwetu. Mwaka 2002 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa hati mbili kuhusu intaneti, moja ikihusu maadili yake. Tarehe 28 Mei 2023, Baraza la Kipapa la Mawasiliano lilichapisha tafakari kuhusu namna Mkristo anavyopaswa kuwapo katika mitandao ya kijamii. Katika hati hizi zote chombo ni zawadi, na mwenye kukitumia ni mtu aliyeumbwa kwa sura na mfano wa Mungu, akizungumza na mtu mwingine mwenye hadhi hiyo hiyo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2354, inafundisha kwamba ponografia ni kulitoa tendo la ndoa katika faragha yake na kulionyesha kwa makusudi kwa watu wengine. Ni kosa zito, kwa kuwa inawageuza watu kuwa bidhaa: anayepigwa picha, anayeuza na anayetazama, wote wanajeruhiwa utu wao. Namba 2524 inaongeza kwamba namna za kudhihirisha staha hutofautiana kati ya tamaduni na tamaduni, ingawa staha yenyewe ipo kila mahali. Na namba 2525 inadai kwamba mazingira ya jamii, vikiwemo vyombo vya mawasiliano, yatakaswe.

Kuhusu ulimi, Mtume Yakobo katika sura ya tatu ya waraka wake anaulinganisha na usukani, kitu kidogo kinachoongoza merikebu kubwa. Watu wa Mafia hawahitaji kufafanuliwa mfano huo. Naye Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso (4:29), anatoa kipimo kinachotosha kwa kila ujumbe: je, unamjenga anayeusikia?

Mambo yasiyopaswa kuchanganywa

Kanuni nzuri huanza kwa kupambanua. Kwanza, kuna kufuru, yaani maneno ya dharau dhidi ya Mungu na vitu vitakatifu. Kisiwani Mafia, ambako Wakatoliki ni wachache na wanaishi bega kwa bega na ndugu zao Waislamu, kudhihaki imani ya jirani nako kunavunja upendo na amani. Pili, kuna matusi, yanayomlenga mtu ili kumdhalilisha. Tatu, kuna lugha chafu isiyomlenga mtu yeyote, lakini inachafua masikio ya wasikilizaji. Nne, kuna picha na video za utupu. Uzito wa haya haulingani, na adhabu yake haiwezi kuwa moja.

Tano, kuna mazungumzo ya mwili yasiyo uchafu hata kidogo. Muuguzi anayeeleza dalili za saratani ya matiti, mkunga anayefundisha dalili za hatari kwa mjamzito, na wanandoa wanaofundishwa mpango wa uzazi kwa njia ya asili hawavunji staha. Wazee wa pwani walilijua hilo. Kungwi alimfundisha mwari mambo ya mwili na ndoa waziwazi, lakini mahali pake, kwa wakati wake na kwa aliyestahili kusikia. Lugha yetu nayo ina tafsida, inayotuwezesha kuyasema ya faragha bila kuyavua nguo. Mwili si aibu. Kinachopimwa ni nani anasikia, wapi na kwa shabaha gani.

Vilevile, mtu anayesimulia jinsi alivyodhulumiwa kimwili asinyamazishwe kwa kisingizio kwamba maneno yake ni machafu. Uchafu ni wa aliyetenda. Jumuiya inayotumia staha kumziba mdomo aliyeumizwa imeigeuza staha kuwa ngao ya mkosaji.

Sheria za nchi

Kanuni zetu hazisimami hewani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza, katika kifungu cha 13, kuchapisha kwa njia ya kompyuta picha za ngono zinazohusu watoto, na katika kifungu cha 14, picha za ngono kwa ujumla. Kifungu cha 23 kinahusu unyanyasaji wa mtandaoni, yaani kumtisha, kumsumbua au kumtia mtu uchungu wa moyo kwa makusudi. Zipo pia kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotolewa mwaka 2018 na kuandikwa upya mwaka 2020, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambazo zinataja maadili na faragha ya mtu miongoni mwa mambo ya kulindwa.

Waamini wengi hudhani kwamba mkosaji ni yule wa kwanza tu aliyepiga picha. Sivyo. Katika sheria hiyo ya 2015 neno kuchapisha linabeba pia kusambaza na kusafirisha. Anayesema, “Mimi nimeletewa tu, nami nikapeleka mbele,” amejitaja mwenyewe.

Kwa nini makundi sogozi yahitaji uangalizi wa pekee?

Redio ina mhariri na gazeti lina mhariri. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa namna ambayo hata kampuni yenyewe haiusomi ukiwa njiani. Ulinzi huo ni mwema kwa faragha yetu, lakini maana yake ni kwamba hakuna mwamuzi wa nje aliyekaa mlangoni. Mhariri wa kundi ni wanakundi wenyewe na msimamizi wao, ambaye wengi humwita admini. Mwaka 2019 kampuni hiyo iliweka kikomo cha kupeleka ujumbe mmoja kwa mazungumzo matano tu kwa mara moja, na mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kuzunguka sana ukabakizwa kwa mazungumzo mamoja. Kikomo hicho hupunguza kasi. Hakiwezi kuwa dhamiri ya mtu.

Wana-Mafia wana mfano wao wenyewe. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ni ya kwanza ya aina yake nchini. Ndani yake bahari imegawanywa: yapo maeneo yasiyovuliwa kabisa, yapo yanayovuliwa kwa masharti, na yapo ya matumizi ya jumla. Bahari haikufungwa, yamelindwa mazalia ya samaki ili wavuvi wa kesho wapate kitu. Baruti moja huua samaki wa siku hiyo pamoja na matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua. Video moja ya aibu katika kundi la vijana hufanya kazi kama ya baruti hiyo.

Kanuni na hatua za kuchukua

Kundi la jumuiya, kwaya au utume wa vijana liandike kanuni chache na kumsomea kila anayejiunga: shabaha ya kundi ni nini, wapo watoto au hawapo, maneno na picha gani hazipokelewi, na ni nani wa kumwendea mtu akiona kosa. Mazungumzo ya wanandoa yawe na kundi lao. Kila mmoja azime katika simu yake upakuaji wa picha unaojifanya wenyewe, ili kisichotakiwa kisihifadhiwe kwenye simu ambayo mtoto huichezea.

Kosa likitokea, Bwana wetu ametupatia utaratibu katika Injili ya Mathayo 18:15-17. Msimamizi akiisha kuufuta ujumbe, amwendee mkosaji peke yake, kwa kuwa huenda kidole kiliteleza au simu ilikuwa mikononi mwa mtoto. Asiposikia, awachukue wawili watatu, kama vile mwenyekiti wa jumuiya na katekista. Akiendelea, ndipo aondolewe, na mlango wa kurudi ubaki wazi. Kumwaibisha mtu mbele ya watu mia mbili kwa sababu ya neno moja ni kutibu tusi kwa tusi.

Utaratibu huo wa polepole una mpaka. Picha ikimhusu mtoto, yaani mtu aliye chini ya miaka 18 kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, jambo hilo halimalizwi kwa kuonyana kindugu. Usiipeleke mbele hata kwa nia ya kuwaonya wengine. Andika namba iliyoituma, siku na saa, kisha toa taarifa polisi, penye Dawati la Jinsia na Watoto, au piga simu ya huduma kwa mtoto namba 116. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 na UNICEF, ECPAT na INTERPOL ulionyesha kwamba asilimia 67 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miaka 12 hadi 17 wanatumia intaneti, na kwamba angalau asilimia 4 ya hao wanaoitumia walitendewa ukatili wa kingono uliohusisha mtandao katika mwaka mmoja. Mzazi asiseme, “Kwetu kisiwani hayafiki.”

Tusimhukumu aliyejeruhiwa

Picha ya binti ikivuja, mara nyingi yeye ndiye anayeondolewa kwaya, anayekatiza masomo na anayehamishiwa kwa shangazi bara, huku aliyeisambaza akiendelea kusalimiwa barazani. Katekisimu, namba 2477, inakataza kufichua makosa ya mtu, bila sababu ya haki, kwa wasioyajua, hata kama makosa hayo ni ya kweli. Kwa hiyo kusema “lakini ni yeye kweli” hakumpi mtu ruhusa ya kuitazama picha hiyo wala kuipeleka. Kama binti alikosea, ipo Sakramenti ya Kitubio. Kwetu sisi kilichobaki ni kuifuta picha, kunyamaza juu yake, na kumwekea nafasi yake pale alipokuwa akikaa Jumapili iliyopita.

Wapendwa, usiku wa leo kabla ya kuzima simu, kila mmoja aangalie ujumbe wa mwisho alioutuma, kisha ajiulize kama angeweza kuusoma kwa sauti mbele ya mama yake, mbele ya mwanawe, na mbele ya Sakramenti Takatifu ya Altare. Ulioshindwa kipimo hicho tuufute, na tuliyemkosea tumwombe radhi.